Rusizi: Mzee, upasuaji wa moyo na mashine ya kuupumzisha

Upasuaji wa moyo, ambao kwa miaka mingi uliwalazimu wagonjwa wa Rwanda kusafiri nje ya nchi au kusubiri ujio wa madaktari wageni, sasa hufanywa pia na wataalamu wazalendo katika Hospitali ya King Faisal jijini Kigali. Kwa wakazi wa Rusizi, kuanzia Kamembe hadi Bugarama, hiyo ni habari njema. Hata hivyo, inazua swali zito: moyo wa mzee ukishindwa kufanya kazi baada ya upasuaji, je, aunganishwe na mashine, na kwa matumaini gani?

Mashine hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama ECMO, huvuta damu kupitia mpira mnene, huitia oksijeni, huondoa hewa chafu, kisha huirudisha mwilini kwa pampu. Asili yake ni mashine ambayo daktari John Gibbon aliitumia kwa mafanikio huko Philadelphia, Marekani, mwezi Mei 1953. Ile ya Gibbon ilikusudiwa kutumika kwa saa chache za upasuaji; hii huweza kutumika kwa siku kadhaa au hata majuma. Haiponyi moyo, bali huupumzisha ili upate nafasi ya kujirudi.

Mapumziko hayo yana gharama. Damu inayopita mipirani huelekea kuganda, hivyo mgonjwa hupewa dawa za kuizuia. Dawa hizo nazo huweza kumfanya avuje damu ilhali kidonda cha upasuaji bado ni kibichi. Kiharusi na figo kushindwa kufanya kazi ni hatari nyingine. Kumbukumbu za kimataifa zinaonyesha kuwa chini ya nusu ya watu wazima wanaowekewa mashine hii baada ya upasuaji wa moyo hutoka hospitalini wakiwa hai, na idadi hiyo hupungua kadiri umri unavyosonga.

Umri peke yake, hata hivyo, si hukumu. Mzee wa miaka 75 mwenye figo na mapafu yenye afya huweza kuwa na nafasi nzuri kuliko mtu wa miaka 60 mwenye maradhi mengi. Ndiyo maana mazungumzo na familia yanapaswa kufanyika kabla ya upasuaji, ikiwemo kukubaliana ni lini mashine izimwe iwapo moyo hautazinduka.

Nchini Rwanda suala hili linazidi kupata uzito. Wengi waliopasuliwa moyo hadi sasa ni vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Lakini sensa ya 2022 ilionyesha umri wa kuishi umekaribia miaka 70, na Januari 2025 serikali iliidhinisha kupanua huduma zinazolipiwa na bima ya Mutuelle de Santé, zikiwemo za maradhi ya moyo. Uwezo wa kuwahudumia mahututi nao umekua: wakati wa mlipuko wa Marburg mwaka 2024, wagonjwa wawili waliokuwa wakipumua kwa msaada wa mashine walitolewa mashineni wakiwa hai, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kwa ugonjwa huo barani Afrika.

Kwa Rusizi, kikwazo cha kwanza ni umbali. Kigali iko zaidi ya kilomita 200, kupitia msitu wa Nyungwe, na hakuna mashine inayomfaa mgonjwa asiyefika. Mpango wa PEN-Plus, ulioidhinishwa na nchi za kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani Agosti 2022, unatokana kwa sehemu kubwa na uzoefu wa Rwanda wa kuwafundisha wauguzi wa hospitali za wilaya kutambua na kufuatilia maradhi ya moyo.

Hapo ndipo hospitali za Gihundwe na Mibilizi zinapokuwa na nafasi ya pekee: kupima shinikizo la damu mapema, kutibu maumivu ya koo ya watoto, na kumfuatilia mzee aliyerejea nyumbani na vali mpya. Mashine ya ECMO ni tegemeo la mwisho. Wanaoihitaji watakuwa wachache zaidi ikiwa matibabu yataanzia karibu na nyumbani.