Pointi za Kemisti: Nani Anamwekea Nani Akiba?

Fungua simu yako sasa hivi, ingia kwenye SMS, uhesabu. Supamaketi inakwambia wikendi hii kuna ofa. Kampuni ya simu inakukumbusha pointi zako. Duka la viatu ulilonunua mara moja tu, tena Mombasa, bado linakuita "mteja wetu mpendwa". Na famasia kubwa za mjini nazo zimejifunza mchezo huo huo: acha namba yako kaunta, kusanya pointi, zikijaa upate punguzo.

Kwa msee wa Malindi au Kilifi, neno punguzo si la kupuuza. Sisi tunajua msimu ni nini. Mvua za Aprili na Mei zikifika, watalii wanapungua, hoteli kadhaa za Malindi na Watamu zinafunga au zinabaki na wafanyakazi wachache, na tuktuk zinalala stejini zikisubiri abiria wa kubahatisha. Wakati huo huo maji yanatuama, mbu wanazaliana, homa zinaanza mtaani. Yaani pesa inatoka nyumbani siku ile ile ugonjwa unapobisha hodi. Mtu akikwambia kuna njia ya kupunguza bili ya dawa, lazima utege sikio.

Basi tutege sikio, lakini tushike na kikokotoo. Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, ila asilimia nilikuwa nishazijua. Na hesabu yangu inaniambia hivi: pointi ni sawa kwa sabuni na dawa ya meno, lakini kwa dawa ya kutibu zinakuokolea senti. Shilingi zenyewe unaziokoa kwa maswali unayouliza kaunta, na maswali hayahitaji kadi.

Pointi ina thamani gani?

Tuanze na pointi ambazo karibu kila Mkenya anazo. Bonga Points za Safaricom zilianza mwaka 2007. Kila shilingi 10 unayotumia inakupa pointi 1. Mwaka 2020, korona ilipotubana, kampuni hiyo iliruhusu watu kulipia bidhaa madukani kwa pointi hizo, na kila pointi ikahesabiwa senti 30. Piga hesabu: shilingi 1,000 zinazaa pointi 100, na pointi 100 ni shilingi 30. Hiyo ni asilimia 3.

Asilimia 3 si mbaya kama hela hiyo ungeitumia hata hivyo. Shida inaanza pale unapoongeza manunuzi ili ufikishe pointi. Ukinunua kitu cha shilingi 500 ambacho hukukihitaji, kwa kiwango hicho umepata shilingi 15 na umepoteza 485. Hakuna mama mboga wa Soko la Kibaoni atakayekubali biashara ya namna hiyo.

Jambo la pili: anayetunga kanuni za pointi si wewe. Oktoba 2022 Safaricom ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2023 pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zitaisha muda. Wateja wakaja juu. Lakini tangazo lenyewe lilitosha kutufundisha kwamba pointi si pesa yako iliyo benki. Ni ahadi, na aliyeitoa anaweza kuirekebisha.

Tena mwenye ahadi anaweza kufa nayo. Unaikumbuka kadi ya Smart ya Nakumatt? Kuna nyumba ilikuwa inatunzwa kama kitambulisho. Duka likaanza kubaki na rafu tupu, matawi yakafungwa moja baada ya jingine, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifilisiwe. Kwa mteja, kilichobaki ni kipande cha plastiki.

Dawa si sukari

Sukari ikiwa na ofa ya "nunua mbili, pata moja bure", chukua. Itakaa, itanywewa chai, itaisha. Dawa haiendi hivyo. Faida ya mpango wa pointi inatoka kwa mteja anayerudi mara nyingi na kununua zaidi. Afya yako inataka kinyume: ununue dawa sahihi, kiasi sahihi, kisha uende zako.

Chukua mfano wa mafua. Unanunua pakiti ya dawa ya mafua kwa sababu iko kwenye ofa, halafu unaongeza Panadol kwa sababu kichwa kinagonga. Geuza pakiti zote mbili usome nyuma. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake, na Panadol ni paracetamol. Umelipia kitu kimoja mara mbili, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mtu mzima hatakiwi kupita gramu 4 za paracetamol kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ukizidisha, ini ndilo linalolipa.

Mfano wa pili tunauona kila siku mtaani, iwe Maweni, Muyeye au Mnarani: kununua nusu dozi. Mtu ana shilingi kidogo, anaomba "vidonge vinne vya antibiotiki", anasikia nafuu, anaacha. Anaona ameokoa. Kama kweli ilikuwa maambukizi ya bakteria, yanaweza kurudi akanunua tena. Kama ilikuwa mafua ya kawaida, ambayo husababishwa na virusi, antibiotiki haikuwa na kazi na kila shilingi ilitupwa. Swali la bure, "hivi kweli nahitaji antibiotiki?", linakuokolea bei yote. Hakuna kadi inayotoa punguzo la asilimia 100.

Na ukiona dawa imeshushwa bei ghafla, angalia tarehe ya kuisha kabla hujashukuru. Huenda iko sawa kabisa, ila kama utaimaliza wiki hii ni tofauti na kama unaiweka kabatini hadi Desemba.

Uliza jina la dawa, usiulize jina la kampuni

Hapa ndipo pesa ilipo. Kila dawa ina majina mawili. La kwanza ni la dawa yenyewe, lile ambalo daktari anatakiwa kuliandika: paracetamol, amoxicillin, artemether-lumefantrine. La pili ni jina la biashara, lile la kwenye matangazo: Panadol, Coartem na wenzake. Muda wa hataza ukiisha, kampuni nyingine zinaruhusiwa kutengeneza dawa hiyo hiyo na kuiuza kwa jina la kawaida. Hizo ndizo tunaita jeneriki. Kiambato ni kile kile na nguvu ni ile ile, na kabla ya kuuzwa nchini lazima isajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu. Kinachopungua mara nyingi ni bei, kwa sababu hulipii tangazo la televisheni.

Kwa hiyo kaunta sema hivi: "Naomba jeneriki yake, iliyosajiliwa, na uniambie tofauti ya bei." Sentensi moja tu. Mara nyingi tofauti utakayoambiwa itaziacha mbali zile asilimia 3. Kuna dawa chache, kama baadhi ya zile za kifafa, ambazo hutakiwi kubadilisha aina bila kuongea na daktari. Hizo muulize kwanza. Kwa nyingi za kila siku, hakuna sababu ya kuona haya.

Ila rahisi isikupeleke kwa muuzaji wa kichochoroni. Kemisti iliyosajiliwa inatakiwa kubandika kodi ya usalama ya Bodi mahali inapoonekana, na unaweza kuihakiki kwa SMS kutoka kwenye simu yako. Dawa bandia haina bei nafuu. Umelipa, na ugonjwa umebaki.

Ofa iliyokuja bila kadi

Kuna punguzo la dawa lililowahi kufanya kazi Pwani hii, na halikuwa na pointi hata moja. Mwaka 2010 Kenya iliingia kwenye mpango wa Global Fund uliojulikana kama AMFm. Dawa mseto za malaria zilifidiwa kule juu kabisa, kwa mtengenezaji na mwagizaji, kisha zikashuka hadi kemisti zikiwa na nembo ya jani la kijani. Bei iliyopendekezwa hapa kwetu ilikuwa shilingi 40 kwa dozi. Hukuulizwa namba ya simu wala hukutakiwa kununua mara kumi kwanza. Yule dereva wa boda na yule mwenye hoteli walipewa bei moja.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uione. Punguzo la kweli linakukuta ukiwa mgonjwa na mfuko mtupu. Pointi zinampa zaidi aliyeweza kutumia zaidi.

Na lipo punguzo kubwa kuliko hilo ambalo vijana wengi tunalipita njiani. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, huduma za kawaida katika zahanati na vituo vya afya vya umma zinalipiwa na serikali kupitia mfuko wa afya ya msingi. Unachohitaji ni kujisajili, na kujisajili ni bure kupitia *147#. Kipimo na dawa ya malaria kwenye vituo vya umma ni bure kwa sera. Kondomu vile vile.

Najua utakachosema: "Nikienda zahanati naambiwa dawa hakuna, naandikiwa karatasi nikanunue." Ni kweli, hutokea, na ndiyo maana hili ni jambo la siasa na si la bajeti ya mtu mmoja. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya kaunti. Rafu ikiwa tupu Gede au Mtwapa, swali linaenda kwa serikali ya kaunti na kwa mwakilishi wadi wako, siku ile ile anapokuja kuomba selfi na vijana. Kila dawa inayokosekana zahanati ni mteja mpya wa kemisti. Tukizoea kufurahia pointi tutasahau kuuliza kwa nini tunanunua kilichotakiwa kuwa bure.

Namba yako nayo ina bei

Mwisho, kile kitu hakionekani kwenye risiti. Ukitoa namba ya simu ili upate pointi, kila unachonunua kinaweza kuandikwa chini ya jina lako. Kwa unga si neno. Lakini P2? Kifaa cha kujipima HIV? Dawa ya zinaa, au ya msongo wa mawazo? Miji yetu ni midogo. Anayehudumu kaunta anaweza kuwa binamu wa jirani.

Usidhani ni hofu za mitandaoni. Marekani kuna kampuni ya kuponi za dawa inayoitwa GoodRx, ambayo imewapunguzia watu wengi bili. Februari 2023 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, iliishtaki kwa kupeleka taarifa za afya za wateja wake kwa Facebook, Google na wengine kwa ajili ya matangazo. Ikakubali kulipa dola milioni 1.5. Sisi wenyewe tulipiga foleni mwaka 2023 kuuza picha za mboni za macho kwa Worldcoin, hadi serikali ikasimamisha shughuli hiyo Agosti. Tumeshajua kwamba kijana aliyekwama ndiye wa kwanza kuombwa data.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Una haki ya kuuliza zinatumikaje, ya kukataa matangazo, na ya kuomba zifutwe. Ukipuuzwa, ipo Ofisi ya Kamishna wa Data ya kulalamikia.

Kwa hiyo?

Kadi usiitupe. Igawe tu kazi yake. Sabuni, pedi, dawa ya meno, nepi za mtoto, mafuta ya ngozi: vitu hivi vinakaa na utavinunua tu, kwa hiyo subiri ofa, linganisha maduka mawili, chukua pointi, na uzitumie mapema. Zikikaa haziongezeki.

Ukiwa mgonjwa, fuata mstari mwingine. Kwanza zahanati, ukiwa umeshajisajili SHA kabla homa haijaja. Dawa ikikosekana, omba iandikwe kwa jina lake halisi. Uliza bei kemisti mbili zilizosajiliwa, omba jeneriki, nunua dozi nzima. Na kama ni dawa ambayo hutaki mtu ajue, lipa taslimu, omba risiti isiyo na jina, na ukiulizwa namba ya simu sema kwa adabu: "Leo sina pointi za kukusanya, asante."

Halafu ile karatasi uliyoandikiwa baada ya kuambiwa "dawa hakuna", ipige picha na uandike tarehe. Mkutano wa wadi ukiitishwa, nenda nayo.