MWALIMU WA KUANDIKA NAYE ASOMESHWE



Katika mikataba yetu tunadai mshahara, nyumba, matibabu na likizo. Penye darasa la kisomo tunadai ubao, chaki na taa. Ni haki yetu. Lakini liko dai moja ambalo mara nyingi halifiki mezani: mafunzo ya mwalimu mwenyewe, hasa yule anayetufundisha kuandika.

Kusoma na kuandika si kazi moja. Anayejua kusoma ataisoma barua ya kuachishwa kazi. Anayejua kuandika ataijibu. Mfanyakazi aliyekatwa kidole na mashine hutakiwa aeleze: siku gani, saa ngapi, mashine ipi, nani aliona, na mnyapara aliambiwa lini kwamba kinga ya mashine imevunjika. Akiwa anajua kuandika jina lake tu, maelezo hayo ataandikiwa na karani wa mwajiri, naye atatia sahihi chini. Hapo fidia imekwisha kupotea.

Tuwatazame jirani zetu wa Tanzania. Mwaka 1967, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 Waziri Mkuu akaagiza wafanyakazi wasomeshwe mahali pa kazi, ndani ya saa za kazi. Kufikia 1986, kwa hesabu za serikali, wasiojua walibaki kama 10 katika kila 100. Kazi hiyo inastahili heshima. Lakini walimu wengi walikuwa wa kujitolea, wakipewa shilingi 30 kwa mwezi kuwa ahsante, na mafunzo yao yalikuwa semina fupi. Mwalimu wa namna hiyo, hata awe na moyo mkuu, atafundisha kile alichopewa: kunakili sentensi iliyo ubaoni. Mwanafunzi atanakili kwa mwandiko mzuri, na bado hajaandika neno lake mwenyewe.

Dawa ipo, na imejaribiwa. Nchini Marekani, mwaka 1974, James Gray aliwakusanya walimu 25 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakati wa likizo. Haikuwa semina ya kukaa na kusikiliza hotuba. Kila mwalimu aliwaonyesha wenzake njia iliyomfaa darasani. Tena kila mmoja aliandika habari yake, akawasomea wenzake, wakaikosoa, akaiandika upya. Kisha walikwenda kuwafundisha walimu wengine. Msingi wao ulikuwa huu: anayefundisha kuandika sharti naye aandike, na mwalimu hufundishwa vyema na mwalimu mwenziwe. Mpango huo ulienea nchi nzima. Mwaka 1991 serikali kuu ilianza kuugharimia, na mwaka 2011 ikafuta ruzuku hiyo. Hilo nalo ni fundisho: kinachotolewa kwa hisani hunyang'anywa bila kuulizwa.

Sisi hatuhitaji chuo kikuu ili tuanze. Kila tawi lenye darasa lidai mambo matatu, nayo yaandikwe ndani ya mkataba. Kwanza, walimu wa kisomo wa mashamba na viwanda vya jirani wakutane siku moja kila mwezi, kwa malipo kamili. Pili, siku hiyo kila mwalimu alete kazi mbili: andiko lake mwenyewe na andiko la mwanafunzi wake, zijadiliwe. Tatu, somo litokane na kazi yetu: taarifa ya ajali, hesabu ya kilo zilizopimwa, barua kwa katibu wa tawi.

Mwajiri atasema siku moja kwa mwezi ni hasara. Tumjibu kwamba fundi wa mitambo hupelekwa mafunzoni kila mashine mpya inapoletwa, wala haiitwi hasara. Je, anayefundisha watu ana thamani ndogo kuliko anayetengeneza mashine?

Chama chenye wanachama wanaojiandikia madai yao hakitishwi na karani.

Umoja ni nguvu!