Kwa nini barua pepe za mashine humchanganya mtafuta kazi Salamabila

Anayeomba kazi kwa njia ya intaneti, awe Salamabila, Kasongo au Kindu, mara nyingi hupata jibu la kwanza kutoka kwa mashine. Dakika chache baada ya kutuma ombi, simu inalia: ombi lako limepokelewa, usijibu ujumbe huu. Tatizo ni kwamba sehemu inayoonyesha mtumaji haifanani katika barua zote. Moja ina jina la ofisi, nyingine ina anwani tupu, ya tatu inatanguliza anwani na kuweka jina kwenye mabano. Ipi ya kweli, na ipi ya matapeli?

Katika mji huu wa dhahabu wa eneo la Kabambare, kusini mwa Maniema, swali hilo linagusa mfuko wa mtu. Mgodi wa Namoya, uliokuwa ukiendeshwa na kampuni ya Banro kutoka Kanada, ulisimamisha shughuli mwaka 2019 kutokana na ukosefu wa usalama. Pale ajira ya mshahara inapokuwa adimu, ujumbe wowote wenye neno kazi hufunguliwa haraka.

Chanzo cha tofauti hizo ni cha zamani. Kanuni ya kuandika vichwa vya barua pepe, iitwayo RFC 822 na iliyohaririwa na David Crocker, ilitoka mwaka 1982. Iliruhusu mtumaji aandikwe kwa zaidi ya namna moja. Ya kwanza hutanguliza jina:

Ofisi ya Ajira <kazi@example.org>

Ya pili hutanguliza anwani, na jina hufuata kama maelezo ya pembeni tu:

kazi@example.org (Ofisi ya Ajira)

Kanuni inayotumika leo, RFC 5322 ya mwaka 2008, inahimiza namna ya kwanza na kuichukulia ya pili kama urithi wa programu za zamani. Hata hivyo haikuifuta, kwa sababu barua za mtindo huo zingali zinasafiri kila siku.

Programu za sava hudumu miaka mingi. Mfano ni cron, programu inayoamrisha sava kufanya kazi kwa saa maalumu na kutuma taarifa kwa barua pepe. Toleo lililoandikwa na Paul Vixie mwaka 1987 limezaa matoleo yanayotumika hadi sasa. Baadhi huweka jina kwenye mabano baada ya anwani, mengine yamehamia mtindo mpya. Hivyo sava mbili za ofisi moja zinaweza kutuma taarifa zenye sura mbili.

Anwani tupu nayo ina maelezo. Fundi asipoiambia programu jina la kutumia, sava hutuma anwani peke yake. Asipotaja hata kikoa, yaani sehemu inayofuata alama ya @, sava hujaza jina lake yenyewe, na msomaji huona neno la ajabu asilolijua. Hakuna wizi hapo, ni usanidi ambao haukukamilishwa.

Hatari iko upande wa pili. Jina linaloonekana huandikwa na mtumaji mwenyewe, na tapeli anaweza kuandika jina la shirika lolote. Simu nyingi, kwa sababu ya udogo wa kioo, huonyesha jina na kuificha anwani. Kwa hiyo barua yenye sura nadhifu inaweza kuwa ya uongo, na yenye sura mbovu ikawa ya kweli.

Ndiyo maana ukaguzi wa kompyuta huangalia kikoa badala ya jina. Mifumo ya SPF, DKIM na DMARC huthibitisha kama sava iliyotuma imeruhusiwa na mwenye kikoa. Tangu Februari 2024, Google inawataka wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail kuwa na yote matatu. Lakini ukaguzi huo una mpaka wake. Tapeli akinunua kikoa chake kinachofanana na cha shirika, kwa kubadili herufi moja, barua yake inaweza kupita bila kizuizi.

Kinachobaki ni macho ya msomaji. Gusa jina la mtumaji ili anwani nzima ionekane. Soma kikoa herufi kwa herufi, kisha ukilinganishe na kile kilichoandikwa kwenye tangazo la kazi au kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Na barua ikidai fedha, sura ya kichwa haina maana tena: Umoja wa Mataifa, kwa mfano, unasema wazi kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri.

Kongo ina Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayoadhibu makosa ya mtandaoni. Lakini sheria huja baada ya fedha kuondoka. Ofisi zinazoajiri zinaweza kuziba mwanya mapema: kuandika jina na anwani kwa mtindo mmoja katika sava zote, na kutangaza kikoa chao pamoja na nafasi ya kazi. Pasipo hayo, mwombaji anaachiwa mzigo wa kubahatisha, na anayefaidika ni tapeli.