Imani isiyodai faida

NJIA PANDA, na Nyokabi Kamande

Pita Kenol siku yoyote, kuanzia steji ya matatu za Murang'a hadi ya zile zinazopanda Sagana, Karatina na Nyeri, utasikia mahubiri. Mengi yana ujumbe mmoja: thubutu. Kopa kwa imani. Uza kishamba kwa imani. Panda mbegu kupitia namba ya simu iliyo kwenye bango, kisha ungojee mavuno. Wapo akina mama wauza ndizi wanaotuma hata pesa za karo, wakiamini zitarudi maradufu kabla shule hazijafunguliwa.

Siwalaumu. Anayetoa karo ya mwanawe amethubutu kweli. Ninaowalaumu ni wale waliomfundisha kwamba kumwamini Mungu ni kuweka akiba inayozaa, na kwamba isipozaa kosa ni lake, imani yake ni haba.

Ukiiacha barabara kuu hapa Kenol ukapitia Maragua, hutachukua muda kufika Murang'a mjini, lilipo Kanisa Kuu la Mtakatifu James na Mashahidi Wote. Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1955, vita vya Mau Mau vikiendelea. Mashahidi wanaotajwa ni Wakristo wa Kikikuyu waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Ndani kuna michoro mitano mikubwa ya Elimo Njau, Mchaga wa Marangu aliyesomea Makerere, aliyoimaliza mwaka 1959. Kristo ni Mwafrika. Anazaliwa, anabatizwa, anakula na wanafunzi wake, anasali Gethsemane na kusulubiwa katika nchi ya migongo na mabonde kama hii yetu. Ukisimama mbele ya ule mchoro wa msalaba huwezi kujidanganya kwamba mambo hayo yalitokea kwa watu wengine, mbali.

Najua jina la mashahidi hao bado linawachoma wengi hapa kwetu. Waliokula kiapo nao waliweka maisha yao rehani kwa ajili ya ardhi na uhuru, na kanisa la wamishenari halikukosa lawama. Kuna nyumba ambamo ndugu mmoja aliingia msituni na mwingine akabaki na Biblia yake, na wajukuu wao leo hawajui wamkumbuke yupi kwanza. Mimi nasema wakumbukwe wote wawili. Lakini kuhusu imani, kuna jambo moja la wale ahonoki, watu wa uamsho, ambalo hatulisemi vya kutosha. Wengi wao walikataa kiapo, kisha wakakataa pia bunduki za homugadi, walinzi wa upande wa serikali ya kikoloni. Walisema damu ya Yesu imewatosha, na hawawezi kumwaga ya jirani. Kwa hiyo hawakuwa na ngome ya serikali ya kukimbilia wala msitu wa kuwaficha. Kila upande uliwashuku. Walilala katika nyumba zao, nao walijua mlango ungeweza kubishwa usiku.

Huko ndiko kuthubutu ninakokutafuta katika makanisa yetu, na kumewahi kuonekana hata baada ya uhuru. Mwaka 1987 Askofu David Gitari, mwana wa Kirinyaga, alihubiri mjini Nyeri juu ya Danieli wakati ambapo kuinua sauti dhidi ya kura ya mlolongo, ya kupanga foleni hadharani, kulikuwa hatari. Aliendelea hivyo hivyo. Aprili 1989 wavamizi waliingia nyumbani kwake usiku; alipanda juu ya paa akapiga mayowe hadi majirani wakaja kumwokoa. Januari mosi 1990 Mchungaji Timothy Njoya, mzaliwa wa Nyeri, alisimama kwenye mimbari Nairobi akauliza iwapo tawala za chama kimoja Afrika zitaepuka yaliyozikumba zile za Ulaya Mashariki. Miaka iliyofuata alipigwa hadharani zaidi ya mara moja. Hakuna kati yao aliyeahidiwa mavuno.

Leo hatuombwi damu. Tunaombwa tu tukatae bahasha za wanasiasa, na hata hilo linatushinda. Tarehe 4 Oktoba 2020 watu wawili walikufa hapa Kenol katika vurugu za makundi ya kisiasa, siku ambayo William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais, alikuja katika kanisa la AIPCA. Watu wawili, Jumapili, kwa sababu ya nani atasimama mbele ya waumini. Tulizika, tukarudi kwenye harambee.

Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha ambazo Ruto, sasa Rais, alitoa katika parokia ya Soweto zirudishwe. Parokia hiyo haina utajiri. Ilikuwa inajenga, na fedha zile zingesaidia. Kuzirudisha kuliwagharimu.

Uchaguzi wa 2027 unakaribia. Wazee wa kanisa wa Kenol, Makuyu na Maragua watapigiwa simu na wasaidizi wa wanasiasa kuuliza Jumapili ipi iko wazi. Paa la mabati litakuwa halijakamilika na viti vya plastiki vitakuwa havitoshi. Mzee atakayejibu kwamba mheshimiwa anakaribishwa kusali, akae na wengine, asipewe kipaza sauti wala asilete chochote, huenda akasimangwa na waumini wenzake na mvua ikawanyeshea msimu mwingine. Ningependa kusali katika kanisa lake.