X UKUTANI SIYO NOTISI

Vijana wa Eldoret, tangu tarehe 15 Agosti 2024 sisi ni jiji. La tano Kenya. Hongera kwetu. Sasa tuongelee ile rangi nyekundu.

Mnaijua. Unatoka asubuhi kwenda kutafuta, ukirudi jioni ukuta wa ploti umechorwa X. Hakuna jina la aliyechora, hakuna sababu, hakuna tarehe. Mwenye ploti anakwambia, "Tulia, nitaongea nao." Na sote tunajua kuongea huko huwa na bei yake.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 72, inataka notisi: kosa ni lipi, urekebishe nini, na kwa muda gani. Anayeweza kupewa si mwenye jengo peke yake, hata mkaaji ametajwa. Usiporidhika una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti, nayo ina siku 30 kuamua. Haya niambie, siku 14 za rangi zinahesabiwa kuanzia lini?

Kuna atakayesema tunatetea majengo mabovu. Hapana! Aprili 2016 jengo liliporomoka Huruma (ile ya Nairobi, siyo hii yetu) na kuua watu zaidi ya 40. Lilikuwa limeshaorodheshwa libomolewe. Watu wakaendelea kulala ndani, kodi ikaendelea kulipwa. Tunachotaka ni sheria ifuatwe hadi mwisho, kwa ghorofa ya tajiri na kwa kibanda cha mama wa chapati pale Langas. Maana tingatinga letu lina nguvu ajabu likifika kwenye mabati, lakini likiona zege linaanza kutafuta mafaili.

Na wanaojenga bila karatasi? Hata wao wana haki. Kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, walipewa siku saba tu mwaka 2011. Walikimbilia mahakamani wakapata amri ya kuzuia, na bado wakabomolewa Novemba. Mahakama ya Juu ilikuja kutambua haki yao ya makazi Januari 2021. Miaka tisa, jamani. Mtoto aliyebomolewa akiwa darasa la kwanza alikuwa amefika sekondari.

Tusingoje kufika huko. Ukiona X, piga picha siku hiyo hiyo na uandike tarehe. Nenda ofisi ya mipango, omba notisi na sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo, hauombi msaada. Mwenye ploti akisema notisi anayo, mwambie aitoe muisome pamoja, wapangaji wote. Wengi huiona karatasi siku ya 13, ikiwa imekunjwa kwenye droo yake.