Diklofenaki si kaka mkubwa wa Panadol

Nyamwaga, wilayani Tarime, ni nchi ya jembe, ng'ombe na machimbo ya dhahabu, na mgongo unaouma huko si habari. Mtu huingia duka la dawa, akataja jina la kidonge, akalipa na kuondoka. Tatizo ni madai anayoondoka nayo. Tuyapime moja moja.

"Diklofenaki ni Panadol yenye nguvu zaidi." Hizi ni dawa za koo mbili. Panadol ni parasetamoli: hutuliza maumivu na kushusha homa, lakini haipunguzi uvimbe. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza uvimbe kwa kuzuia kemikali ambazo tumbo huzitumia kulinda ukuta wake na figo huzitegemea kupata damu ya kutosha. Kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo anaweza kutapika damu, na mchimbaji aliyeshinda akitoka jasho bila kunywa maji anaweza kuumiza figo. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walizuia diklofenaki kwa wagonjwa wa moyo. Kwa kifundo kilichoteguka au maumivu ya hedhi, ibuprofeni ya miligramu 200 hadi 400 baada ya chakula mara nyingi hutosha. Kwa siku isizidi 1,200.

"Panadol haina madhara, hata vinne kwa mkupuo." Mtu mzima mwenye afya anameza kimoja au viwili vya miligramu 500, anasubiri saa 6, na ndani ya saa 24 havizidi 8. Ukizidisha, ini huharibika kimyakimya: siku ya kwanza unaweza kujiona mzima. Anayekunywa gongo kila siku, au aliyekonda sana, ukomo wake ni mdogo zaidi. Tazama pia pakiti nyingine: Diclopar na dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli ndani yake.

"Sindano haigusi tumbo." Diklofenaki ya sindano huingia kwenye damu na kufika tumboni na kwenye figo kama ile ya kidonge. Tena sindano ya takoni ikichomwa vibaya hugusa mshipa wa fahamu, na mguu ukapooza.

"Homa ikishuka, ugonjwa umeisha." Mkoa wa Mara una malaria, na parasetamoli haiui kimelea hata kimoja. Homa ipimwe ndani ya saa 24; malaria ikionekana, dawa ni mseto.

"Mtoto na mjamzito wapewe nusu ya kidonge chochote." Dozi ya mtoto hufuata uzito: parasetamoli miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16 bila agizo la daktari, kwani inaweza kuumiza ubongo na ini. Mjamzito akifika wiki ya 20 aachane na ibuprofeni na diklofenaki, labda daktari aagize: zinaweza kudhuru figo za mtoto tumboni, na miezi ya mwisho kuziba mapema mshipa ulio karibu na moyo wake.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji mambo matatu: magonjwa uliyonayo, dawa unazomeza, na kama una mimba. Maumivu yakizidi siku tatu, usiongeze vidonge, nenda hospitali.