Tusijipime kwa Kimo cha Tembo

Nina neno moja, tena nalisema bila kupepesa macho: kaunti zetu zinajilinganisha na watu wasio rika lao.

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, viongozi wengi wanataka Silicon Valley yao. Hata Konza, iliyozinduliwa mwaka uo huo, tuliibandika jina la Silicon Savannah kabla ya nyumba ya kwanza kuezekwa. Jamani! Bonde lile la California lina Chuo Kikuu cha Stanford kilichofunguliwa mwaka 1891, lina matajiri wasioogopa kupoteza mtaji kwa kampuni changa, na serikali ya Marekani ilimimina huko pesa za kijeshi miaka na mikaka. Sisi tunafanana nao kwa lipi? Jua, labda. Aliyemwiga tembo mnajua alivyoishia.

Wenzetu wa Ulaya walililitambua jambo hili. Mwaka 2014 watafiti wa nchi ya Wabaski, kule Uhispania, pamoja na wataalamu wa Tume ya Ulaya walioko Seville, walitoa njia ya kulitafutia kila jimbo mapacha wake. Hawakuanza kwa kuuliza nani tajiri. Waliuliza: watu wamesoma kiasi gani, wanafanya kazi zipi, kampuni zao ni kubwa au ndogo? Wanaofanana wakishapatikana, ndipo huulizwa: mbona huyu kamzidi mwenziwe? Hapo ukame hauwezi kuwa kisingizio, maana wote wanao.

Haya, tuichukue Makueni. Ni nchi kame yenye maembe tele, na wengi wa huko hulipiwa karo kwa maembe hayo hayo. Msimu ukifika yote huiva kwa pamoja, bei ikaporomoka, mengine yakaozea chini ya miti. Kaunti ilijenga kiwanda cha matunda pale Kalamba, na hongera zake. Lakini pacha wake yuko wapi? Mimi namwona Petrolina, kaskazini mashariki mwa Brazil. Nako ni kukavu, nako ni mbali na bahari, nako ni maembe. Ila wakulima wa kule huuchagulia mwembe mwezi wa kutoa maua: huupunguzia maji, huutia dawa ya kuzuia machipukizi, kisha huunyunyizia naitreti ya potasiamu. Wanavuna mwaka mzima. Na kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo cha nchi kavu kiko papo hapo Petrolina tangu 1975.

Mtu ataniambia, wale wana mto São Francisco na bwawa la Sobradinho. Kweli kabisa! Ndiyo faida yenyewe ya kulinganisha: sasa tunajua Makueni ianze na maji, halafu mtafiti anayekaa karibu na mkulima, wala si jengo la vioo. Tena yuko pacha mwingine, Kitui, jirani wa mlango kwa mlango, asiyehitaji tikiti ya ndege.

Waheshimiwa wakifunga masanduku tena kwenda California, ningeomba waulizwe jambo moja tu pale uwanjani: huko waendako, maembe huiva mwezi gani?